Waandishi watano, wawili hawajasoma hata kichwa cha makala. Nijaze nini?

#1 Bamvua
Hamjambo nyote. Nina swali, na naomba msinicheke kwanza.

Makala yangu imekubaliwa na jarida moja huria, la kusomwa bure mtandaoni. Nikadhani kazi imekwisha. Jana usiku ikaingia barua pepe: kabla ya kuchapisha, nijaze fomu ionyeshe kila mwandishi alifanya nini. Nani alibuni utafiti, nani alikusanya data, nani alichanganua, nani aliandika. Tena kila mmoja atie sahihi kwamba amesoma toleo la mwisho na yuko tayari kulijibia.

Waandishi ni watano. Mimi, msimamizi wangu, na mwenzangu aliyenisaidia kunakili mahojiano. Halafu yuko mkuu wa idara, na yuko mwingine ambaye wallahi nimemwona mara mbili tu, mara moja kwenye ngazi. Hawa wawili majina yao yaliingia rasimu ilipopita ofisini. Sikuulizwa.

Utafiti wenyewe ni wa majina ya pepo na maji. Kusi, kaskazi, matlai, umande, bamvua, maji mafu, na vipi wavuvi wa Likoni na Mtongwe wanavyoyatumia kuamua siku ya kutoka. Miezi 14 nimevuka feri kila Jumamosi alfajiri.

Hao wawili niwajazie nini? Nimepewa siku kumi.

#2 DafuMoja
"Alipanda ngazi pamoja na mwandishi." Weka hivyo.

#3 KahawaTungu
Andika "usimamizi wa jumla". Maneno hayo ni kama shuka la wageni, hufunika kitanda chochote. Makala zangu tatu zimepita hivyo hivyo na hakuna mhariri aliyekohoa.

#4 Mhariri_Mstaafu
Bamvua, hongera. KahawaTungu, mwenzio akuuliza njia nawe wamwonyesha shimo.

Nilihariri jarida dogo miaka tisa, la watu wachache na bajeti ya chai. Fomu hiyo haikuletwa kukusumbua. Majarida mengi hufuata masharti manne kabla mtu hajaitwa mwandishi. Awe amechangia kwa uzito katika kubuni kazi, au kupata data, au kuichanganua. Awe ameandika rasimu, au ameirekebisha kwa hoja, si kwa koma. Awe ameidhinisha toleo la mwisho. Na awe tayari kujibu likizuka swali juu ya kazi hiyo. Yatakiwa yote manne kwa pamoja. Kutafuta pesa za utafiti peke yake hakutoshi, na kukalia kiti cha idara hakutoshi. Aliyesaidia bila kuyatimiza hutajwa kwenye shukrani.

#5 Tuktuk_Bamburi
Hizo ni sheria za COPE, iko chini ya UNESCO. Ukizivunja chuo kinapigwa faini.

#6 Mhariri_Mstaafu
Hapana, na hapana. Masharti manne ni ya kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, waliokutana kwanza Vancouver, Kanada, 1978. Kwa muda mrefu yalikuwa matatu. Hilo la nne, la kuwajibika, liliongezwa 2013.

COPE ni kitu kingine, kamati ya maadili ya uchapishaji. Ilianzishwa na wahariri wachache wa majarida ya tiba Uingereza 1997, na UNESCO haimo. Haina askari wala haitozi mtu faini. Hutoa mwongozo, na husikiliza malalamiko dhidi ya jarida ambalo ni mwanachama wake.

#7 Tuktuk_Bamburi
Sawa mwalimu, nimekaa.

#8 MwembeTayari72
Mwamlaumu mkuu wa idara kana kwamba alizaliwa na tamaa. Tazameni anapoishi. Kupanda cheo chuoni ni hesabu ya machapisho. Mtu ana vikao toka asubuhi mpaka magharibi, ana darasa la watu mia tatu na kipaza sauti kibovu, lakini siku ya jopo swali ni moja: una makala ngapi? Basi atadandia dau la mwingine. Na mwanafunzi wa uzamifu naye, vyuo vingi vyamtaka awe na makala mbili kabla ya joho. Wote wawili wakimbilia karatasi ileile. Hapo fomu yasaidia nini?

#9 BintiKuze
@MwembeTayari72 Si pointi. Ni adabu iliyopotea njia.

Sisi pwani chakula hakiguswi mpaka mkubwa anawe mikono. Tumelipeleka jambo hilo mpaka kwenye karatasi. Mara nyingi hata hakuna aliyeomba, ni sisi wenyewe tunaowaandika! Mimi makala yangu ya kwanza nilimweka profesa wangu nafasi ya pili, kwa mapenzi yangu, kumbe nampa zawadi. Akaniita ofisini. Rasimu i mezani, jina lake amelipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Akanambia, "Binti, jina langu umeliokota wapi?" Nikatoka machozi yanilenga. Leo ndiye mwalimu pekee ambaye simu yake naipokea hata usiku wa manane.

#10 Kivuko
Nyote mwazunguka. Jina kubwa huingizwa ili makala ipite. Bima hiyo. Mhariri akiona "Prof." anasoma kwa macho mengine.

#11 Mhariri_Mstaafu
@Kivuko Inategemea. Jarida likihakiki kwa kuficha majina pande zote mbili, mhakiki hamwoni profesa wala karani. Ila mhariri anayefungua bahasha anawaona, na huyo ndiye anayeamua makala ifike kwa wahakiki ama irudi nyumbani. Kwa hiyo nusu yako ni kweli.

#12 KahawaTungu
Na mpangilio je? Huku kwetu tiba, wa kwanza ndiye aliyefanya kazi, wa mwisho ndiye mwenye nyumba. Kaka yangu wa hisabati asema kwao mara nyingi hupangwa kwa alfabeti tu. Jina lake laanza na A. Ana raha zake huyo.

#13 Bamvua
Asanteni. Niseme haki ya msimamizi: alisoma rasimu sita, na ile ya tatu ilirudi imejaa wino kuliko maandishi yangu. Huyo ni mwandishi, sina neno. Mwenzangu wa kunakili naye alinisaidia kupanga maana za maneno, kwa hiyo yumo. Shida ni hao wawili tu.

#14 NahodhaNchiKavu
Na aliyekufundisha hayo majina ya pepo, yuko nafasi ya ngapi?

#15 Bamvua
@NahodhaNchiKavu Umenipata pabaya.

Niwaeleze. Miezi minne ya kwanza nilikuwa na daftari limejaa na sielewi kitu. Kila mvuvi aniambia bamvua ni siku hizi, mwingine ni siku zile. Nikapelekwa kwa mzee mmoja Mtongwe, nahodha zamani, sasa macho yamepungua. Yuko barazani kwake, sahani ya tende mbele. Akala, akawa anaweka kokwa kwenye mkeka mojamoja. Zilipotosha akazipanga duara kama saa: mwezi mzima, kokwa kwa siku. Akasogeza za mwandamo nje kidogo, akasogeza na za siku ya kumi na nne na kumi na tano. "Hapa na hapa maji hujaa sana, hupwa sana. Bamvua." Zilizobaki katikati ya hizo akazivuta ndani. "Haya maji mafu. Hapa mtu hushona nyavu." Kisha akanyanyua kokwa moja, akaishika hewani, akaniuliza kusi likivuma siku hii, mwenye dema, yule wa mtego wa samaki, hufanya nini, na mwenye mshipi hufanya nini. Nikakosa. Akairudisha, akaanza upya.

Sehemu ya nne yote ya makala ni mkeka ule. Nimeuchora, kokwa zimekuwa vidoti. Na mzee ndani ya makala ni "M7", maana yake Mhojiwa wa 7.

#16 DafuMoja
M7 mmoja tayari yuko Kampala, angalia asikudai.

#17 BintiKuze
Yaani mwenye mkeka ni M7, na wa kwenye ngazi ana jina kamili na cheo mbele yake. Subhanallah.

#18 Bamvua
Sikumficha kwa ubaya. Kupata kibali cha NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi, na cha kamati ya maadili nilihitaji fomu ya ridhaa, na fomu imeandikwa "jina lako halitatajwa popote". Nilimsomea, akapiga dole gumba. Sasa nikimtaja hata kwenye shukrani, nimevunja ahadi niliyomfanya mwenyewe aiwekee dole.

#19 MwembeTayari72
Hapo maadili mawili yameshikana mashati.

#20 Mhariri_Mstaafu
Kwa masharti manne, mzee ana la kwanza tu. Hakuandika, hakuidhinisha toleo la mwisho. Lakini maelezo ya ICMJE yenyewe yasema kwamba aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kushiriki hayo mengine, asifungiwe mlango halafu aambiwe hakuingia. Watu huruka mstari huo.

Na tukumbuke masharti yametoka hospitalini. Pale anayehojiwa ni mgonjwa, na kumficha jina ni kumlinda. Fomu ya ridhaa imenakiliwa kutoka huko ikaletwa kwa nahodha, ambaye hana ugonjwa wa kufichiwa.

#21 Tuktuk_Bamburi
Mnakuza mambo. Majina ya upepo yanajulikana na kila mtu. Hata mimi naijua kaskazi, ni ile inayonijazia vumbi kwenye tuktuk. Nami niwe mwandishi?

#22 NahodhaNchiKavu
@Tuktuk_Bamburi Kaskazi waijua kwa jina. Haya nambie, siku ya kumi na tano matlai likivuma, dema waliweka wapi?

#23 Tuktuk_Bamburi
Nalipeleka gereji.

#24 WakiliMakupa
Niingie kidogo, bila kutoza.

Tenganisheni vitu viwili. Hakimiliki, kwa sheria yetu ya Kenya ya 2001, hulinda namna jambo lilivyoandikwa au kurekodiwa, si ujuzi wenyewe. Hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Bamvua akiandika, maandishi ni yake na wenzake. Jina "matlai" si la mtu.

Lakini tangu 2016 tuna sheria nyingine, ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Hiyo haimtazami mtu mmoja, yaitazama jamii iliyoyatunza maarifa, na serikali za kaunti zimepewa kazi ya kuyawekea rejista. Kwa hiyo swali la "mzee awe mwandishi wa sita" huenda ni dogo kuliko mnavyodhani. Swali jingine ni kama Mtongwe ilijua kwamba mkeka ule unakwenda dunia nzima. Leseni ya jarida ni ipi?

#25 Bamvua
CC BY.

#26 WakiliMakupa
Basi yeyote popote aweza kuunakili mchoro wako, kuutafsiri, kuutia kwenye fulana za watalii akauza, mradi akutaje wewe. Wewe, si mzee. Na ruhusa hiyo ukishaitoa hairudi.

#27 KahawaTungu
Ndiyo maana mimi siwapi watu wa bure. Wanakunyang'anya haki.

#28 Mhariri_Mstaafu
@KahawaTungu Si kweli, na mara nyingi ni kinyume chake. Kwenye CC BY hakimiliki hubaki kwa mwandishi, unachotoa ni ruhusa. Majarida ya kulipia ndiyo mara nyingi hukusainisha karatasi ya kuhamisha hakimiliki nzima, halafu ukitaka kumpa mwanafunzi nakala ya kazi yako mwenyewe waambiwa lipa.

Ziko leseni kali zaidi. Ikiongezwa NC, biashara hairuhusiwi. Ikiongezwa ND, hairuhusiwi kubadilishwa. Bamvua waulize kama watakubali moja ya hizo kwa mchoro peke yake. Wako wafadhili wanaolazimisha CC BY, kwa maana Tamko la Budapest la 2002 lilitaka kazi isomwe, inakiliwe na itumiwe bila kizuizi. Waliolitunga hawakuwa wakiwaza mikeka ya Mtongwe.

#29 UmandeWaAsubuhi
Nimesoma kimya, hapa pamenigusa.

Bibi yangu alikuwa mtu wa vugo, hapa Mji wa Kale harusi haikufana bila yeye. Nikiwa mdogo alikuja mtafiti na redio kaseti, akakaa siku tatu, akala kwetu, akaondoka na nyimbo. Bibi amefariki. Mwaka juzi ndugu yangu aliye nje akaikuta makala yenye nyimbo zile, katika jarida la kulipia. Tulichanga dola 40 kusoma maneno ya bibi yetu. Ndani ameandikwa "mwanamke mmoja mzee wa Mombasa".

Kwa hiyo mimi jarida huria silichukii. Lingekuwa huria tungesoma bure, na binti zangu wangesoma. Lakini "mwanamke mmoja mzee" angebaki vilevile.

#30 BintiKuze
@UmandeWaAsubuhi pole mamangu. Kaseti yenyewe iko wapi?

#31 UmandeWaAsubuhi
Tumeandika barua mbili. Hatujajibiwa.

#32 Kongowea_Sokoni
Turudi kwa pesa. Bamvua, wewe mwandishi wamekutoza ngapi kukuchapishia? Mimi niliwahi kuliwa. Jarida limenitumia barua, "Mheshimiwa Daktari", na udaktari sina. Niliwatumia makala Jumatatu, Alhamisi imekubaliwa. Maoni ya mhakiki yalikuwa sentensi moja: kazi nzuri, rekebisha nafasi kati ya maneno. Nikalipa dola 200, mkopo wa chama. Miezi minane baadaye tovuti haifunguki. Makala haipo, na pengine siwezi kuipeleka, maanake kila jarida lauliza kama imewahi kuchapishwa.

#33 Tuktuk_Bamburi
Si kuna ile orodha ya Beall ya majarida matapeli? Ungeangalia huko.

#34 Mchapo_Data
Jeffrey Beall, mkutubi wa Colorado, aliiondoa orodha yake Januari 2017. Nakala zilizobaki mitandaoni zinaendeshwa na watu wengine. Na hata ilipokuwa hai ililaumiwa kwa kutazama majarida ya nchi maskini kwa jicho baya. Siku hizi wengi hutazama upande wa pili, orodha ya waliopita mchujo: DOAJ, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, 2003.

Kama mwataka kuona utapeli kwa hesabu: 2013 mwandishi John Bohannon alituma makala ya uongo, yenye makosa ya wazi, kwa majarida huria 304. Yaliyoikubali yalikuwa 157.

#35 KahawaTungu
Nilisema mimi! Bure ni ghali.

#36 Mchapo_Data
@KahawaTungu Polepole. Hakuyapima majarida ya kulipia hata moja, kwa hiyo hatuna cha kulinganisha. Na ile makala maarufu ya kuzusha kwamba chanjo huleta usonji ilichapwa 1998 na Lancet, jarida la heshima zote, ikabatilishwa 2010. Miaka 12 hiyo.

#37 Bamvua
@Kongowea_Sokoni Pole sana. Mimi sikutozwa, jarida laendeshwa na chama cha wanataaluma. Ningetozwa nisingeweza. Niliangalia moja la nje kabla ya hili, euro elfu mbili na ushei.

#38 Mchapo_Data
Na hapo Wakenya tumekaa pabaya. Wachapishaji wengi wakubwa husamehe ada kwa nchi maskini kabisa na hupunguza tu kwa zile za katikati. Sisi tangu 2014, hesabu za pato la taifa ziliporekebishwa, twahesabiwa nchi ya kipato cha kati, daraja la chini. Tulilala maskini tukaamka wa kati. Mshahara wa mhadhiri msaidizi haukupata habari.

#39 DafuMoja
Nami sikupata habari.

#40 Mkono_wa_Kukodi
Sijawahi kuandika humu, leo niseme.

Mwaongea kuhusu majina yaliyomo na hayakufanya kazi. Mimi ni kinyume. Miaka mitano niliishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani, chumbani Kisauni, feni moja, usiku kwa mchana kwa sababu saa zao si zetu. Insha, tasnifu, hata makala mbili ambazo naziona mtandaoni zina majina ya watu nisiowajua. Kuna moja ya uuguzi imenukuliwa na wengine. Ukinihoji juu yake nitakujibu kila aya. Mwenye jina, sidhani.

Kwa masharti manne ya mwalimu hapo juu mimi nimetimiza mawili, na nililipwa dola tatu kwa ukurasa.

#41 BintiKuze
Na hukuona vibaya?

#42 Mkono_wa_Kukodi
Kodi ya nyumba ilikuwa tarehe tano, dada. Niliona vibaya tarehe sita.

#43 MwembeTayari72
Kazi hiyo si imekufa siku hizi? Mashine zimeichukua.

#44 Mkono_wa_Kukodi
Imepungua sana. Sasa twaletewa maandishi ya mashine tuyafanye yaonekane ya mtu.

#45 Kivuko
Swali la pembeni. Mimi Kiingereza changu kimevunjika, hutumia ChatGPT kukinyoosha. Niiweke iwe mwandishi mwenza au nikae kimya?

#46 Mhariri_Mstaafu
Usiiweke, na usikae kimya. COPE ilitoa msimamo 2023: zana ya akili bandia haiwezi kuwa mwandishi, kwa sababu haiwezi kuwajibika kwa kazi, wala kutangaza mgongano wa maslahi, wala kusaini mkataba wa hakimiliki. Sema wazi umeitumia wapi na vipi. Ikiweka rejeo la uongo, msalaba ni wako.

#47 DafuMoja
Ngoja. Haikusoma makala kwa moyo, haijui data imetoka wapi, haiwezi kujibu ikiulizwa. Huyo si wa kwenye ngazi?

#48 KahawaTungu
😂😂 Leo nimekubali.

#49 Kivuko
Na nikiitafsiri makala yangu kwa Kiswahili nikaichapa tena, nimejiibia mwenyewe?

#50 Mhariri_Mstaafu
Ukifanya kwa siri, ndiyo. Wahariri wote wawili wakikubali, na chini ya ukurasa ikaandikwa kwamba ni tafsiri ya makala fulani, yaruhusiwa. Na ifanywe zaidi. Bamvua, makala ya pepo za Mtongwe i kwa Kiingereza?

#51 Bamvua
Ndiyo. Hata mzee hawezi kusomewa na wajukuu mpaka itafsiriwe. Nalijua jarida la Swahili Forum, huria na hupokea Kiswahili, toka 1994. Niliambiwa Kiingereza chahesabiwa zaidi.

#52 MwembeTayari72
Na nani? Na jopo. Tumerudi pale pale nilipoanza, post namba 8, mkanibishia.

#53 BintiKuze
Hatukukubishia jopo, tulikubishia udhuru.

#54 Bamvua
Siku ya sita. Habari kutoka kwangu.

Niliwaandikia wote wawili barua pepe moja ya adabu, na fomu nikaiambatisha. Wa kwenye ngazi kajibu baada ya robo saa: "Sikujua jina langu limo. Tafadhali liondoe, na kazi njema." Nimemdhania vibaya wiki nzima, Mungu anisamehe.

Mkuu wa idara kajibu jana: "Jaza kama ulivyoona inafaa." Basi.

#55 DafuMoja
Nafuta post namba 47. Nusu.

#56 KahawaTungu
"Kama ulivyoona inafaa" ni ruhusa hiyo. Usimamizi wa jumla, tuma, lala.

#57 BintiKuze
Ni mtego. Ikizuka shida atasema aliyejaza ni wewe.

#58 MwembeTayari72
Ama ni mtu ana barua mia mbili na hakuisoma. Si kila kitu ni hila.

#59 Mhariri_Mstaafu
Angalieni jambo moja. Kumtoa mwandishi aliyekwisha wasilishwa si kufuta mstari. Mwongozo wa COPE wataka mhariri aelezwe sababu, na waandishi wote wakubali kwa maandishi, akiwemo anayetolewa. Wa ngazi amekubali. Mkuu hajakubali kutoka, wala hajasema alifanya nini. Usijaze kwa niaba yake, Bamvua. Mrudishie sehemu yake iwe tupu, aijaze kwa mkono wake. Wengi wakiona nafasi tupu mbele yao hujitoa wenyewe.

#60 WakiliMakupa
Na msimamizi wako awe kwenye barua hiyo. Usiende peke yako.

#61 Bamvua
Nimefanya hivyo. Nangoja.

Leo nilivuka kwenda Mtongwe. Kwanza nilipiga simu kamati ya maadili, wakasema mhojiwa akitaka mwenyewe atajwe, aweza kusaini ridhaa mpya, na wao wapelekewe nakala waidhinishe. Nikachapa fomu nyingine Likoni, shilingi ishirini.

Nikamsomea mzee makala yote, naitafsiri nikienda. Saa mbili na nusu. Alinisimamisha mara mbili. Mara ya kwanza kwenye mchoro: nimeweka kidoti kimoja cha maji mafu mahali si pake, siku moja mbele. Wahakiki wawili walikiona na hawakukiona. Mara ya pili nilipofika "M7". Akauliza huyo nani. Nikamwambia ni wewe, na nikamweleza ile fomu ya kwanza.

Akanyamaza kidogo. "Mlinificha kwa kosa gani?"

#62 UmandeWaAsubuhi
Ya Rabi.

#63 NahodhaNchiKavu
Sasa kawarekebishieni kidoti, na hiyo ni kazi ya mwandishi kabisa. Ameirekebisha kwa hoja, amesikia toleo la mwisho. Mwalimu, hesabu masharti.

#64 Mhariri_Mstaafu
Nahesabu. La pili na la tatu naona yanakaribia. La nne, akiulizwa juu ya mkeka atawajibu vizuri kuliko watano wote. Mhariri mwenye roho ngumu atasema lazima ajibie makala nzima, pamoja na majedwali ya takwimu. Sijui huyo wako ana roho gani. Muulize, usimfichie.

#65 WakiliMakupa
Mimi bado naona kumtaja mzee mmoja hakumalizi deni la Mtongwe.

#66 BintiKuze
Wakili, tuanze na mmoja.

#67 Bamvua
Amekubali kutajwa, lakini kwa sharti. Mtongwe watu wa jina lake wako wanne, hataki sifa ziende kwa jirani ambaye, kwa maneno yake, "hata kaa hakamati". Ataka iandikwe jina lake, la babake, na la dau alilokuwa nahodha wake. Fomu ya jarida ina nafasi mbili tu, jina la kwanza na la ukoo.

Nimemwandikia mhariri nimuulize dau liingie wapi. Kidoti nimeshakirekebisha.